Mwalimu na Maji Asiyoyafika

Je, ni halali kwa mwalimu kufundisha neno la kitu ambacho yeye mwenyewe hajapata kukiona? Swali hili laweza kuonekana jepesi, hata la kitoto, na kwa hakika mimi nilitupiwa na mtoto. Lakini kila nilipojaribu kulijibu kwa wepesi nilitambua kuwa nalikimbia. Nalileta mbele ya wenzangu wafundishao Kiswahili kwa kuwa nadhani wengi wetu tulio mbali na pwani tunalo vifuani, ila hatulisemi mbele ya wakaguzi.

Shule ninayofundisha iko Nsambya, mjini Kampala. Nsambya ni kilima kilichoko kusini mashariki ya katikati ya mji, chenye hospitali kongwe ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1903, kambi ya polisi, na nyumba za wafanyakazi wa reli. Kambi na nyumba za reli ndizo zilizokipandisha Kiswahili kilimani kwetu. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 iliwaleta watu wa makabila mengi, na lugha iliyowawezesha kuombana nyundo na chumvi ilikuwa hii yetu. Kwa polisi mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Nsambya aghalabu hukisikia Kiswahili kabla hajaingia shuleni. Ila Kiswahili anachokisikia ni cha amri, cha zamu na cha soko. Hakina bahari ndani yake. Hata maandiko makubwa ya serikali juu ya lugha hii nchini Uganda, kuanzia amri ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa, kupitia marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, hadi uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 kwamba kiwe somo la lazima shuleni, yote hayo hayana tone la maji ya chumvi. Bahari huingia darasani kwetu kwa mlango wa kitabu. Huingia na mkizi na hasira zake, na yule mwenda tezi na omo ambaye wanafunzi wangu humkariri vizuri sana bila kujua upi ni mbele ya chombo na upi ni nyuma.

Siku moja katika muhula wa tatu nilikuwa nafundisha tashibihi. Nikaandika ubaoni: "Analala kama pono." Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye baba yake hukaa katika nyumba za reli, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pono ndiye nini?"

"Ni samaki wa baharini mwenye usingizi mzito."

"Hulala wapi?"

"Katika matumbawe."

"Na matumbawe ndiyo nini?"

"Ni mawe ya baharini."

"Wewe umeyaona, Mwalimu?"

"Ndiyo," nikasema, nikageuka kufuta ubao.

Ndiyo ile ilikuwa uongo. Bahari nilikuwa nimewahi kuiona, maana nilipata kwenda Mombasa kwa semina ya siku tatu nikavuka Likoni kwa kivuko, kwenda na kurudi. Lakini tumbawe sikuwa nimelitia machoni, wala pono, ila amechorwa. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeyatamka maneno hayo kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenisukuma hadi kwenye swali la mwisho. Usiku ule sikulala kama pono.

Mtu akitaka kujitetea hakosi maneno, na mimi nilijitetea vya kutosha. Nilijiambia kwamba mwalimu wa historia hakuwapo reli ilipofika Kampala, wala mwalimu wa sayansi hajafika mwezini. Mwalimu asiyeona kwa macho hufundisha rangi za upinde wa mvua na wanafunzi wake hufaulu. Kama kila mtu angefundisha yale tu aliyoyashuhudia, elimu ya binadamu ingekuwa fupi kama maisha ya mtu mmoja. Isitoshe, Kiswahili ni lugha ya mamilioni ya watu wa bara, na wengi wao wataishi na kufa bila kuonja maji ya bahari. Ni nani basi atakayesema kwamba maneno ya bahari si yao? Utetezi huu wote ni wa kweli. Tatizo ni kwamba haukuwa jibu la swali nililoulizwa. Yule mtoto hakuniuliza kama nina haki ya kufundisha. Aliniuliza kama nimeona.

Basi nikaazimia kwenda kuona. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, afanyaye kazi katika hoteli moja ya Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Nilipomwandikia akacheka, kisha akanijibu: "Mjomba, ikiwa haja yako ni matumbawe, njoo Januari. Kaskazi ikivuma vizuri maji huwa maangavu. Utayashukia mwenyewe hadi chini." Alikuwa na rafiki mzamiaji, kijana wa upande wa Shimoni, ambaye kazi yake ni kuwashusha wageni kwa mtungi wa hewa katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Mimi nikapanda basi. Njiani kusini ya Mombasa tulipita Msambweni, jina ambalo masikio ya mtu wa Nsambya hayawezi kulisikia bila kugeuka; lakini masikio si ushahidi katika elimu ya lugha, nikaliacha lipite.

Kabla ya bahari kulikuwa na shule, na hili lilinipendeza. Kwa asubuhi mbili nilifundishwa katika bwawa la kuogelea, mimi mwenye mvi, pamoja na vijana watatu walioniita babu. Kifaa chenyewe ni cha juzi tu. Mtungi wenye kirekebishi kimpacho mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi ulitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Kanuni zake ni chache lakini hazina mzaha. Ya kwanza ni kwamba usizuie pumzi kamwe. Kila mita kumi za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hata hewa iliyojaza mapafu huko mita kumi chini itatanuka mara mbili ifikapo juu; naye aliyeizuia huweza kupasuka ndani. Ya pili ni kubana pua na kupuliza polepole, ili masikio yasiume. Ya tatu ni kupanda taratibu, bila kuyapita mapovu yako mwenyewe. Kisha tukafundishwa ishara za mikono, maana kinywa kimezibwa na mpira na ulimi hauna kazi tena. Duara la kidole gumba na cha shahada maana yake ni "sijambo". Kiganja kinachoyumba ni "kuna tatizo". Kidole gumba kilichoelekezwa juu ni "tupande". Niliyanakili yote katika daftari langu kama mwanafunzi mwema, nikajiona nimefaulu.

Asubuhi ya tatu tulitoka Shimoni kwa mashua, tukakiacha kisiwa cha Wasini, tukatia nanga Kisite. Nikavikwa mkanda wa risasi, koti la kujazwa hewa, mtungi, miwani, na mapezi ya mpira miguuni ambayo yalinifanya nitembee kama bata wa mjini. Nikajitupa.

Nilitazamia kimya, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha insha ngapi zenye "kimya cha vilindi"! Hapakuwa na kimya. Palikuwa na mlio kama wa mafuta yakaangwayo, uliotoka pande zote kwa pamoja. Baadaye nilielezwa kuwa ni kamba wadogo wafyatuao magando yao, na kwamba sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne ya mwendo wake katika hewa, ndiyo sababu sikio halijui itokako. Tukashuka hadi mita tisa. Na pale ndipo nilipoyaona matumbawe, nikafahamu kuwa nimekuwa nikifundisha makaburi.

Maana jiwe lile lilikuwa hai. Mengine yalikuwa kama pembe za paa, mengine kama meza, mengine kama ubongo, na moja lilikuwa bonge kubwa kunishinda mimi. Juu ya ngozi yao, ukisogea, kuna vinywa vidogo visivyohesabika. Wataalamu hutufahamisha kwamba tumbawe ni mji wa wanyama wadogo sana, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho matupu, ambao hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wake. Mnyama, mmea na jiwe wamekaa nyumba moja. Lile bonge huongezeka yapata sentimita moja kwa mwaka, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo lilikwisha anza kukua kabla reli haijafika kwetu, na kabla hospitali haijajengwa kilimani.

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwani nawaandikia walimu. Sarufi yetu huwapa wanyama wote upatanisho wa a- na wa-, hata chawa. Tumbawe ni mnyama, nasi twasema "tumbawe hili limekufa", si "tumbawe huyu amekufa". Je, lugha imekosea? Sidhani. Lugha ilimtazama kwa mkono wa mjenzi kabla ya kumtazama kwa macho ya mzamiaji. Ilimjua katika kuta za nyumba na misikiti, ambako kweli ni jiwe. Lakini nilipokuwa kule chini upatanisho ule ulinikwama kooni, na nadhani ni mara ya kwanza mimi kuionea aibu ngeli.

Kisha nikamwona pono. Halali! Alikuwa wa kijani na samawati, mdomo wake kama wa kasuku, naye alikuwa akiguguna mwamba kwa meno kwa bidii ya fundi aliyepewa kazi kwa mkataba, na kishindo cha meno yake nilikisikia kwa masikio yangu. Kila baada ya kitambo aliachia nyuma yake wingu la mchanga mweupe: ndilo tumbawe lililokwisha sagwa, na sehemu ya mchanga wa fuo zetu hutoka tumboni mwake. Kwa furaha nikamgeukia kiongozi wangu nikamwinulia kidole gumba, kwa namna ambayo Kampala nzima huielewa, na wakati wa uchaguzi huielewa kupita kiasi. Nilitaka kusema: safi kabisa! Yeye akanishika mkono, akaanza kunipandisha. Nilikuwa nimesema "tupande", na maji hayana nafasi ya kufafanua. Ilitubidi tufike karibu na juu, nitoe ishara ya kuwa sijambo mara tatu, ndipo akanielewa, tukashuka tena. Mwalimu wa lugha alikuwa amefeli mtihani wa maneno matatu.

Tuliposhuka mara ya pili nilikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Nilitaka kumrudia pono kabla hajaondoka. Nikapiga miguu kwa nguvu, na pezi la mguu wa kushoto likagonga kitu. Sikusikia maumivu. Nilihisi tu mtikisiko mdogo, kama wa chaki ivunjikayo. Nilipogeuka, tawi la tumbawe lenye urefu wa shibiri moja lilikuwa likianguka polepole kuelekea mchangani, na pale lilipovunjika palikuwa peupe. Kiongozi aliliona. Hakunikemea, na angetaka kunikemea angetumia ishara ipi? Alinielekeza tu ninyanyue miguu. Matawi ya namna ile hukua haraka kuliko mabonge, na yakipata mahali pazuri huweza kurefuka hata sentimita kumi kwa mwaka. Lakini shibiri ni shibiri, na miaka miwili au mitatu ya kazi ya wanyama wale niliimaliza kwa teke moja la mtu aliyekuja kuona ili asiseme uongo.

Nililitafakari jambo hili usiku kucha, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba limeligeuza swali langu. Nilikwenda nikiamini kuwa kuona ni bora kuliko kusikia, na kwamba mwalimu aliyeona ana haki ambayo mwalimu aliyesikia hana. Lakini tuchukue kwamba kila mwalimu wa Kiswahili, kutoka Kisangani hadi Kisumu, atashuka Kisite kulihakikisha neno "tumbawe". Miaka michache baadaye neno litakuwapo na kitu hakitakuwapo. Basi kule kuamini habari ya mtu mwingine, ambako nilikudhani kuwa ni umaskini wa mtu wa bara asiye na nauli, kumbe kuna huruma ndani yake. Mmoja akiona na kusimulia kwa uaminifu, elfu hawana haja ya kukanyaga. Aliyepewa neno amepewa kitu bila kukivunja.

Najua mtu atanijibu kwamba huo ni utetezi wa wavivu, na kwamba mimi nasema hayo baada ya kwisha kuona. Ni kweli nimeona, na sitajifanya kuwa najuta kuona. Ninachojuta ni tawi. Na tena kuona kwenyewe si kama nilivyokufikiria. Kule chini miwani hukuza kila kitu kwa kiasi cha theluthi moja, hata samaki wa shibiri tatu huwa kama wa nne. Rangi nyekundu huliwa na maji kwanza, na mita tisa chini samaki mwekundu huvaa kijivu. Jicho langu, shahidi niliyemwendea kwa basi kutoka Uganda, lilinidanganya ukubwa na rangi. Aliyenisahihisha ni maneno ya kijana yule tulipokwisha rudi mashuani.

Liko na jambo jingine ambalo sikulitazamia. Jioni mpwa wangu aliniuliza nimeona samaki gani. Nikajaribu kuwahesabu. Nilikuwa nimepita katikati ya mamia, lakini niliowakumbuka ni wachache: pono, kitatange, chewa aliyejificha chini ya meza ya tumbawe, taa aliyelala mchangani, na mkunga aliyechungulia pangoni. Wengine wote walikwisha futika kama ndoto ya alfajiri. Nikajiuliza kwa nini hao watano, nikapata jibu. Ni wale niliokuwa na majina yao. Majina hayo sikuyapata baharini; niliyapata katika vitabu vya shule, nikayabeba miaka kumi na tisa bila kujua nabeba nini, na siku ile yakawa ndoano. Bila neno, macho yangu yangelikuwa wavu uliotoboka.

Nilitaka kurudi Kampala siku ya pili yake, lakini kijana alinikataza. Alisema: "Mwalimu, kwenu ni juu. Mwili wako bado una hewa ya chini, ungoje itoke." Nikamwambia sipandi ndege, napanda basi. Akasema basi nalo hupanda. Na kweli, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na barabara hupanda zaidi ya hapo kabla ya kuteremkia kwetu. Nikangoja, na kungoja huko ndiko kulikonikutanisha na mzee mmoja wa Shimoni, mvuvi aliyekwisha staafu, tuliyeketi naye barazani baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umeambiwa na bahari?"

Nikamweleza safari yangu yote, pamoja na uongo wangu na tawi langu. Alisikiliza kama wasikilizavyo watu waliozoea kungoja maji kujaa. Nikamwuliza kama naye amewahi kuvaa mtungi. Akasema hajauvaa, alizamia kwa pumzi yake tangu utoto, na alijua mwamba ulipo kwa rangi ya maji kabla ya kuufikia. Alinieleza jinsi mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, mwamba ulivyogeuka mweupe, nao watu wakadhani umechanua, kumbe ulikuwa unakufa. Alisema "umekufa", kwa upatanisho wa mwamba, na hakuna aliyehangaika na ngeli. Mwaka huo matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yaliangamia, na sehemu nyingine hayajarudi yalivyokuwa.

"Ulimwambia mtoto kuwa tumbawe ni jiwe," akasema. "Gonga ukuta huo ulioegemea."

Nikaugonga. Ulikuwa wa matumbawe na chokaa, na chokaa nayo ni tumbawe lililochomwa. Nilikuwa nimelala ndani ya jibu langu siku nne. Mzee akaniambia kwamba mafundi wa zamani walilikata tumbawe likiwa bichi kutoka baharini, likiwa laini, wakalichonga nakshi za milango na mihirabu, kisha likakauka likawa gumu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Kilwa. Huko Wasini, ng'ambo tu, yako matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari nchi kavu, na akina mama wa kisiwani wameyajengea njia ya mbao ili wageni wapite bila kuyakanyaga. Nikaufikiria mguu wangu wa kushoto.

"Yakini ina daraja tatu," akaendelea. "Ilmul-yakini, ni kuambiwa kuna moto. Ainul-yakini, ni kuuona. Hakkul-yakini, ni kuungua. Wewe ulikuwa daraja ya kwanza ukajitia ya pili. Hapo ndipo ulipokosea. Daraja ya kwanza si aibu, maadamu mtu anajua ngazi aliyosimama." Kisha akaniuliza, kama wafanyavyo wazee wakiona somo limekuwa zito: "Na huko kwenu, Nsambya ndiyo nini?"

"Ni jina la mti, mzee. Kwa Kiganda huitwa musambya. Unatoa maua ya manjano."

"Umeuona?"

Neno "ndiyo" lilikwisha fika mdomoni. Nikalirudisha. Nimezaliwa Kampala, nimepanda na kushuka kilima kile kwa miaka mingi, na bila shaka nimepita chini ya mti huo mara zisizo na idadi. Lakini kama ungeniweka mbele ya miti kumi ukaniambia nikuonyeshe musambya, nisingeweza. Habari ya maua ya manjano niliisikia tu. Nikamjibu: "Macho yangu yameuona, mzee, lakini mimi sijauona." Akacheka hadi kofia ikamteleza, akasema kwamba nimekuja mbali sana kutafuta kitu nisichokijua.

Kwa hiyo sasa nikiulizwa kama ni halali kufundisha neno la kitu nisichokiona, nasema ni halali, na kwa mambo mengine ni wajibu. Isiyo halali ni kuificha njia ambayo neno limepitia hadi kunifikia. Lugha yetu haikutunyima nyenzo za kuionyesha njia hiyo: tuna "inasemekana", tuna "wapwani husema", tuna "nimesoma", tuna "nilipokuwa huko". Ni maneno mafupi ambayo walimu tunayaona kama yanatupunguzia heshima mbele ya watoto, tukayaacha, tukabaki na sauti moja tu, ile ya mtu aliyekuwapo kila mahali. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa sauti hiyo hajifunzi kutenganisha shahidi na msimulizi, na akitoka kilimani kwetu akaenda mjini atawaamini wote wasemao kwa sauti kubwa.

Shule ilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa lile lile, sasa likiwa kidato cha tatu, nikawaambia kwamba mwaka uliopita niliulizwa kama nimeyaona matumbawe nikasema ndiyo, nami sikuwa nimeyaona. Darasa likanyamaza. Nadhani hawakuwa wamezoea kuungamiwa na mtu mwenye chaki mkononi. Yule msichana akauliza kama sasa nimeyaona. Nikamwambia nimeyaona kwa muda usiotimia nusu saa, na tawi moja nimelivunja.

"Basi pono halali, Mwalimu?"

"Nilimkuta mchana, anakula."

"Na usiku?"

"Usiku sikuwapo. Wavuvi husema hulala sana, na nimesoma kwamba pono wengine hujifunika utando wa ute wakilala."

Akaandika. Juma lililofuata alikuja na tawi lenye maua ya manjano, akaliweka mezani kwangu. Nikamwuliza amelitoa wapi. Akasema mti wenyewe uko nyuma ya chumba cha walimu, ndio ule ninaoegemezea baiskeli.

Nikawapa wote zoezi la nyumbani: kila mmoja aandike habari ya kitu kimoja cha mbali, na mwishoni aseme amekionaje au amekisikia kwa nani. Wengi waliwataja bibi zao, wengine redio, mmoja alimtaja dereva wa lori la Mombasa. Kijana mmoja wa kambi ya polisi aliandika juu ya bahari, ukurasa mzima, mawimbi na chumvi na yote, kisha chini akaandika kuwa aliiota Jumapili. Nikampa alama zake zote, maana alitaja chanzo.